Nyumba ya kupanga na shamba lililobaki nyuma

Ndugu wasikilizaji wa Beni na Butembo, ninyi wachefu wa kartie na wa avenue, nanyi familia zilizotoka Eringeti, Oicha, Mbau na Mayi-Moya, leo tunazungumza juu ya mambo mawili ambayo watu huyatenga: kodi ya nyumba mjini, na shamba lililobaki kijijini. Kwa kweli ni jambo moja.

Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, mwezi wa 10 mwaka 2014, watu wamekimbilia mjini mara nyingi. Wengi hawakuingia kambini. Walipokelewa na jamaa au walipanga chumba. Watu wakiongezeka, bei ya parseli inapanda. Mwenye mali anajenga katikati ya mji. Maskini anasukumwa pembeni, awe mkimbizi au mwenyeji.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mwenye nyumba anaomba garanti ya miezi mingi. Mkimbizi hana kitu. Anatokea mtu mwenye franga na kumwambia: «Si umelikimbia lile shamba? Niuzie mimi.» Aliyebanwa na kodi anauza kwa bei ya njaa. Kisha garanti inaliwa, shamba limekwenda, na watoto hawana pa kurudi. Siku bunduki zikinyamaza, ugomvi wa mipaka utaanza.

Kwa hiyo mjue sheria zinasema nini. Sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015 inasema hivi: kwa nyumba ya kukaa, garanti isipite kodi ya miezi 3.

Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973 iliweka udongo wote kuwa mali ya Serikali. Mtu anapewa haki ya kuutumia, na ushuhuda wa haki hiyo ni karatasi inayoitwa sertifika. Mashamba mengi ya mababu hayana sertifika. Ndiyo sababu sheria hiyo ilitaka uchunguzi ufanyike kwanza, kabla udongo wa kijijini haujapewa mtu: watumishi wafike mahali penyewe, waandike watu wanaokaa pale, wasikilize wenye malalamiko. Lakini kijiji kilichokimbiwa kitajibu nini? Tena, sertifika ikitolewa kwa hila, sheria ile ilimpa mwenye haki miaka 2 tu ya kuomba ifutwe. Baada ya hapo angeweza kudai malipo, lakini si udongo wenyewe.

Basi tufanye nini?

Ninyi mliokimbia, kaeni pamoja, kijiji kwa kijiji. Andikeni mashamba yenu: linapakana na nani, mto gani, njia gani, mti gani. Majirani watie sahihi. Karatasi moja ibaki kwako, nyingine kwa chefu. Baba, usiuze shamba bila mama kujua. Na kila mwezi ukilipa kodi, omba risiti.

Ninyi wenye nyumba, tunajua kodi hiyo ndiyo inalipia watoto wenu shule. Hatusemi mkae bure. Patana na mpangaji mbele ya chefu wa avenue, mwandike bei na siku ya kulipa. Patano lililoandikwa linawalinda ninyi pia.

Ninyi wachefu, msitie sahihi ya kuuza shamba la mtu ambaye hayupo. Uchunguzi ukija kijijini, tumeni habari mjini, makanisani, msikitini na sokoni, ili wenye mashamba wasikie kwa wakati. Sahihi yako ya leo inaweza kuzuia damu ya kesho.

Msingoje vita viishe ndipo mwanze. Wiki hii, tafuteni daftari moja na mashahidi wawili.