Glutathioni na Ngozi Inayong'arishwa Goma

Glutathioni ni peptidi fupi ya asidi amino tatu. Mwili huitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini, ili kupambana na sumu. Viwandani hupatikana kwa kuchachusha hamira, na baadhi ya hamira hizo hubadilishwa jeni ili zizalishe zaidi. Kilichoiingiza sokoni ni uwezo wake wa kupunguza kasi ya kimeng'enya kinachotengeneza melanini, ndiyo maana huuzwa kama krimu, vidonge na sindano za kung'arisha ngozi.

Kubadilishwa jeni si jambo la kuogopesha hapa. Insulini ya wenye kisukari hutengenezwa hivyo tangu 1982. La kuangaliwa ni njia ambayo peptidi hiyo huingia mwilini. Krimu hupenya kidogo mno, na vidonge vimechunguzwa kwa watu wachache, kwa muda mfupi. Sindano ya mshipa ndiyo hatari. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Ufilipino ilionya kuwa inaweza kudhuru figo na neva na kuleta mzio mkali unaobambua ngozi. Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya kung'arisha ngozi.

Kwa mnunuzi wa Goma, mashariki mwa Kongo, anayechagua mafuta katika maduka ya Birere, kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi: jina zuri kwenye kopo halithibitishi kilichomo. Mafuta ya kung'arisha yanaweza kuwa na zebaki, inayoharibu figo na kumfikia mtoto tumboni. Au haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huacha madoa meusi yasiyotoka. Au klobetasoli, steroidi kali inayokondesha ngozi hadi vidonda viwe vigumu kupona. Mama aliyejipaka miaka mingi anaweza kuteseka na mshono wa upasuaji kwa sababu hiyo.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilianza msako wa vipodozi hivyo mwishoni mwa 2018. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki nazo ziliamua mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Lakini bidhaa inayokatazwa upande mmoja hutafuta wateja upande mwingine, na jicho haliwezi kuiona zebaki ndani ya krimu.

Kopo lisiloonyesha viambato wala mtengenezaji lisinunuliwe. Sindano ya weupe ikataliwe kabisa. Aliyezoea mafuta yenye steroidi asiache ghafla, kwani ngozi huweza kuwaka na kuvimba. Amwone daktari ampunguzie taratibu, na aende na kopo lenyewe.