Kusoma Herufi za Vinasaba
Tuchukulie mwanafunzi wa Gikundamvura, wilayani Rusizi, ambaye jua likizama huanza kupapasa njia. Kwanza apimwe macho hospitalini, kwani upungufu wa vitamini A pia huleta hali hiyo, nao hutibika. Ikiwa ni ugonjwa wa kurithi wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, daktari huhitaji kujua ni jeni ipi yenye kasoro kati ya zaidi ya 250 zinazohusika.

Hapo ndipo husomwa mfuatano wa vinasaba. Damu kidogo hutolewa, kisha mashine husoma herufi nne: A, T, C na G. Herufi moja ikibadilika, maana huweza kuharibika, kama "bata" linavyogeuka "bati".

Jibu lina uzito. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 ni ya wenye kasoro katika jeni ya RPE65 pekee. Tena, mara nyingi wazazi wote wawili huona vizuri, ingawa kila mmoja ana nakala moja yenye kasoro. Kwa hiyo tunapoitwa kuifasiria familia majibu kwa Kiswahili, tusiseme "damu mbaya" wala "ukoo wa mama". Tuseme ni kosa la herufi, wala hakuna wa kulaumiwa.