Acadia kwa Baiskeli: Msitu wa Maine Ambamo Gari Haliruhusiwi

Wazazi wengi tuliohamia Marekani tuna hofu moja ambayo hatuisemi sana: barabara. Kule nyumbani mtoto alijifunza baiskeli uwanjani au kichochoroni, akianguka na kuinuka huku majirani wakimcheka na kumshangilia. Huku magari yanapita kasi mbele ya mlango, njia ya waenda kwa miguu inakatika ghafla, na mtoto anabaki sebuleni na simu yake. Baiskeli aliyonunuliwa siku ya kuzaliwa inapata kutu nyuma ya nyumba.

Kwa familia zinazoishi kaskazini-mashariki mwa Marekani, jibu mojawapo liko katika Hifadhi ya Taifa ya Acadia, jimbo la Maine. Sehemu kubwa ya hifadhi hiyo iko kwenye kisiwa cha Mount Desert, ambacho kinafikiwa kwa barabara kutoka bara. Kutoka Portland, ambako Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wengi wamefanya makazi, ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Kutoka Boston ni kama saa tano. Ndani ya msitu wake kuna takriban kilomita 72 za barabara za kokoto ambazo gari na pikipiki havikanyagi.

Fedha ya mafuta, barabara ya farasi

Historia ya barabara hizi ina kichekesho chake. Aliyezijenga ni John D. Rockefeller Mdogo, mtoto wa tajiri aliyejenga kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Magari yalipoanza kuruhusiwa kisiwani katika miaka ya 1910, yeye alitaka pabaki mahali pa kupita kwa farasi na gari la farasi bila kelele za injini. Alianza kujenga mwaka 1913 na kazi ikaendelea hadi 1940. Utajiri uliotokana na mafuta ndio uliolipia barabara ambazo hazitaki tone la petroli.

Hifadhi yenyewe ilianza mwaka 1916 kama eneo la kumbukumbu ya taifa, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1919, na ikapewa jina la Acadia mwaka 1929. Kabla ya hao wote, kisiwa kilikuwa, na bado ni, sehemu ya nchi ya asili ya Wawabanaki, waliokiita Pemetic kwa sababu ya safu yake ya milima. Ni vizuri watoto walijue jina hilo pia.

Kwa nini inamfaa anayeanza

Barabara hizi zina upana wa mita 5 hivi, na zilijengwa kwa tabaka za mawe yaliyopondwa, zikiwekewa mifereji ya kutoa maji ya mvua. Kwa kuwa zilikusudiwa farasi wanaokokota mzigo, miinuko yake mingi ni ya taratibu. Pembeni penye korongo yamepangwa mawe makubwa ya granaiti kama kingo. Wenyeji huyaita meno ya Rockefeller. Kuna madaraja ya mawe 16 ndani ya hifadhi, na kila njia panda ina nguzo yenye namba inayolingana na namba ya kwenye ramani. Chukua ramani ya karatasi, maana mtandao wa simu hukatika msituni.

Kwa familia yenye watoto, mzunguko wa Ziwa Eagle, wa kilomita 10 hivi, ni mwanzo mzuri. Upande mmoja ni tambarare kando ya maji, upande wa pili una mwinuko ambao mdogo anaweza kushuka na kuikokota baiskeli bila aibu. Usiwaache watoto waogelee humo: ziwa hilo ni chanzo cha maji ya kunywa ya mji wa Bar Harbor. Mzunguko wa Witch Hole Pond ni mfupi zaidi, ila ukianzia kituo cha wageni cha Hulls Cove utakutana na mlima mkali kabla ya kufika. Wenye miguu imara, hasa wanafunzi, wataupenda mzunguko wa kuzunguka milima, unaokaribia kilomita 18.

Kina mama na wasichana

Tuseme lililo wazi. Katika sehemu nyingi tulikotoka, baiskeli ilikuwa ya baba na kaka. Wapo kina mama wenye miaka 40 ambao hawajawahi kuketi juu yake, na kujifunzia mtaani mbele ya macho ya watu hawako tayari. Barabara pana isiyo na gari ni nafasi adimu.

Njia rahisi ni hii: shusha kiti hadi nyayo zote mbili zikanyage chini, na fundua pedeli kwa spana. Tafuta mahali palipo tambarare au penye mteremko mdogo sana, nje ya mkondo wa wapitaji, kisha sukuma kwa miguu na kuacha baiskeli iteleze. Mwili ukishajua kujisawazisha, rudisha pedeli. Wanaovaa dira au baibui wavae suruali chini na kufunga pindo lisifike kwenye cheni. Mtandio ufungwe kwa pini usipepee.

Kokoto zina tabia zake. Matairi mapana kidogo, ya milimita 38 au zaidi, yanashika vizuri kuliko yale membamba ya lami. Punguza mwendo kabla ya kona, usikamate breki kwa nguvu ukiwa katikati yake, na usitegemee breki ya mbele peke yake. Ajali nyingi za kokoto huanzia hapo.

Adabu ya njia

Mwenye baiskeli humpisha kila mtu: anayetembea na mwenye farasi. Kaa kulia, pita kushoto, na utoe sauti mapema. Ukimwona farasi, punguza mwendo au simama kabisa, mwambie mpandaji kwamba upo, na usubiri ishara yake. Mwendo usizidi kilomita 32 kwa saa. Baiskeli za umeme zinazokubaliwa ni zile tu ambazo mota husaidia unapokanyaga pedeli, na hukoma kusaidia mwendo ukifikia kiwango hicho. Zenye kijiti cha kuongeza mwendo bila kukanyaga haziruhusiwi.

Sheria ya Maine inamtaka kila aliye chini ya miaka 16 avae kofia ngumu. Baadhi ya barabara za namna hii kusini mwa kisiwa ni mali binafsi na baiskeli zimekatazwa huko, kwa hiyo soma vibao. Na jioni kagueni miili, nyuma ya magoti na masikio hasa: kupe wa Maine huambukiza ugonjwa wa Lyme.

Lini, na kwa shilingi ngapi

Theluji inapoyeyuka, barabara hufungwa kwa muda ili matope yasiziharibu. Ulizeni kwanza kama mnakuja mwezi wa Machi hadi Mei. Kiingilio cha gari hudumu siku 7, na viwango hubadilika, kwa hiyo viangalieni kwenye tovuti ya hifadhi. Mwenye mtoto wa darasa la nne nchini Marekani asisahau kuomba pasi ya bure ya mwaka: inaingiza gari zima la familia. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Oktoba kuna mabasi ya bure yaitwayo Island Explorer, ambayo pia hubeba baiskeli. Baiskeli za kukodi zipo Bar Harbor, lakini kwa familia ya watu sita gharama hupanda haraka. Mwenye zake azifunge nyuma ya gari. Chapati na chupa ya chai vitawapunguzia gharama ya mgahawa.

Mkija mwanzoni mwa Oktoba mtakuta majani mekundu na ya manjano. Mwaka 1947 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mashariki ya kisiwa, na mahali pa misonobari ya kijani ikaota mibetula na miti mingine inayopukutisha majani. Rangi wanazozifuata wageni zimetoka kwenye majivu hayo. Mzazi aliyepanda upya maisha yake ugenini ana la kumsimulia mwanawe hapo, kwa Kiswahili, wakiendesha sambamba njia ikiwa tupu, bila honi ya kuwakatiza.

Kwa hiyo wikendi hii itoeni ile baiskeli nyuma ya nyumba. Jazeni upepo, pakeni cheni mafuta, jaribuni breki, na mpangeni safari kabla theluji haijarudi.