Namba Sita Asiyepigiwa Makofi

Nyali, hapa Mombasa, inapenda fundi. Kuanzia viwanja vya vumbi vya Frere Town na Ziwa la Ng'ombe hadi mchangani bahari ikishakupwa, mtoto anayepiga kanzu ndiye anayeitwa jina kwa sauti, na anayempiga mwenzake tobo hununuliwa soda. Namba sita, yule mrefu anayesimama mbele ya mabeki, akanyang'anya mpira kisha akautoa kwa pasi ya hatua tano, watazamaji hawamjui. Siku akikosea ndipo wanauliza ni mtoto wa nani.

Hata hivyo, wanasoka wawili wa Kenya waliofika mbali zaidi Ulaya, McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama, walilipwa kwa kazi hiyo hiyo isiyo na makofi. Mashabiki wa Dennis Oliech watanigombeza, nami nawaheshimu, kwani mabao yake yaliifurahisha nchi nzima. Lakini Oliech hakucheza Inter Milan, wala Tottenham.

Mariga alizaliwa Nairobi mwaka 1987, na ndugu hao walikulia Muthurwa, kwenye nyumba za reli. Baba yao, Noah Wanyama, alikuwa mchezaji wa AFC Leopards. Shule ilikuwa Kamukunji, na kabla hajaondoka nchini Mariga alikuwa amepita Ulinzi Stars, Pipeline na Tusker. Hapo ndipo penye siri, kama ipo. Kijana alicheza na watu wazima mapema, kwenye ligi ambayo ukichelewa kutoa pasi unapigwa kiwiko na refa anaangalia kwingine. Kiungo mkabaji hafunzwi kwa koni zilizopangwa kwenye nyasi, anafunzwa na wanaume wanaotaka mpira wake.

Mwaka 2005 akaenda Sweden, katika klabu ya Enköping, jina ambalo hata mashabiki sugu wa Kongowea hawalijui. Mwaka uliofuata akahamia Helsingborg, ambako alicheza pamoja na Henrik Larsson, na mwaka 2007 Parma ya Italia ikamchukua. Parma ikashuka daraja mwaka 2008. Wengi wetu tungetafuta klabu nyingine siku hiyo hiyo. Yeye akabaki, akacheza ligi ya pili, na msimu mmoja baadaye timu ikarudi Serie A.

Kisha ukaja Januari 2010. Manchester City walitaka kumnunua, na habari zikasambaa mji mzima kwamba Mkenya wa kwanza anaingia Ligi Kuu ya Uingereza. Kilichomkwamisha kilikuwa karatasi. Kanuni za Uingereza za kibali cha kazi ziliangalia nafasi ya timu ya taifa ya mchezaji katika orodha ya FIFA, na ilitakiwa iwe ndani ya 70 bora. Harambee Stars ilikuwa mbali huko chini. Waziri Mkuu wa wakati huo, Raila Odinga, aliingilia kati kumwombea, lakini siku za usajili zikaisha bila mpango kukamilika. Inter Milan, iliyokuwa chini ya José Mourinho, haikungoja. Ikamsajili siku ya mwisho ya dirisha.

Kwa hiyo kijana aliyenyimwa kibali cha kufanya kazi Uingereza akatua London Machi 16, 2010, akiwa na jezi ya Inter, kucheza na Chelsea katika Ligi ya Mabingwa. Samuel Eto'o alifunga, na mechi ilipobakiza dakika chache Mourinho akamtoa Wesley Sneijder na kumwingiza Mariga. Mkenya alikuwa akicheza Stamford Bridge, na afisa wa uhamiaji hakuwa na la kusema.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu ya Camp Nou, katika nusu fainali. Inter walikuwa na mabao 3-1 ya mechi ya kwanza, lakini kiungo wao Thiago Motta alikuwa ametolewa kwa kadi nyekundu katika kipindi cha kwanza. Dakika ya 84 Gerard Piqué akaifungia Barcelona. Bao moja zaidi na Inter wangekuwa nje. Dakika mbili baadaye Eto'o akaitwa benchi na Mariga akaingia. Ukitaka kujua kocha anamwamini nani, usitazame anayeanza timu ikiwa inaongoza kwa mabao manne. Mtazame anayeingizwa nyumba ikiwaka moto. Inter walishinda kwa jumla ya mabao 3-2, wakachukua kombe Mei 22 mjini Madrid kwa kuilaza Bayern Munich 2-0. Fainali hiyo Mariga aliitazama kutoka benchi, na wapo wanaomcheka kwa hilo mpaka leo. Sioni cha kuchekesha. Msimu huo Inter ilitwaa mataji matatu, na yeye alikuwa mmoja wa wachezaji wake.

Baada ya hapo goti likamsaliti. Alipelekwa Real Sociedad kwa mkopo, akarudi Parma, akapita Latina na kumalizia Real Oviedo, ligi ya pili ya Hispania. Mwaka 2019 aliwania kiti cha ubunge cha Kibra kwa tiketi ya Jubilee, akashindwa na Imran Okoth wa ODM.

Mdogo wake Mariga alijifunza kutokana na njia ya kaka yake. Wanyama naye alipitia Helsingborg, akaenda Ubelgiji kwa Germinal Beerschot, na mwaka 2011 akaingia Celtic. Novemba 7, 2012 aliifunga Barcelona kwa kichwa, Celtic wakashinda 2-1, na huyo akawa Mkenya wa kwanza kufunga katika Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2013 Southampton walimnunua kwa pauni milioni 12.5, na mlango uliofungwa mbele ya kaka yake ukafunguliwa kwake. Tottenham wakamchukua mwaka 2016. Lile kombora lake la Anfield, Februari 2018, lilivitikisa vibanda vya mpira hapa Pwani, hata kwa mashabiki wa Liverpool, na hao ni wengi. Watanzania nao waliipa barabara jina lake kule Ubungo, Dar es Salaam, mwaka 2017, ingawa kibao hakikudumu.

Mabao hayo mawili ndiyo tunayoyakumbuka, lakini siyo yaliyomlisha. Wanyama alinunuliwa kwa sababu ya mipira aliyonyang'anya katikati ya uwanja na nafasi alizoziba kabla hatari haijafika.

Sasa turudi kwetu. Mombasa si mji uliolala kisoka. Feisal ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965, ingawa taji hilo halijavuka tena kuja Pwani. Wazee bado wanamtaja Ali Kajo kwa heshima, na kipa Mahmoud Abbas aliitwa "Kenya One" bila mtu kubisha. Mwaka 2019 Bandari walishinda ngao ya taifa kwa kuwafunga Kariobangi Sharks, wakaenda Kombe la Shirikisho la Afrika na kuwang'oa Ben Guerdane wa Tunisia. Tatizo ni kwamba mechi ya nyumbani waliichezea Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka uwanja wao wa Mbaraki, kwa sababu Uwanja wa Manispaa ulikuwa umefungwa kwa ukarabati. Kijana wa Mkomani aliyetaka kumwona kiungo wa Tunisia akifanya kazi yake kwa macho alihitaji nauli ya treni.

Lawama nyingine ni yetu wenyewe. Makocha wa mitaa wanamweka mtoto mwenye chenga katikati ya uwanja kwa sababu anafurahisha watu, na yule mwenye mapafu na akili ya kusoma mchezo wanamsukuma beki ya pembeni. Wazazi nao huuliza mtoto amefunga mangapi. Sijamsikia hata mmoja akiuliza amenyang'anya mipira mingapi.

Desemba 2024 Mariga alichaguliwa naibu rais wa Shirikisho la Soka la Kenya, akiwa mgombea mwenza wa Hussein Mohammed. Ombi la Nyali kwake ni dogo. Avuke daraja, apite Kengeleni, aje jioni moja kwenye viwanja vyetu. Wenye chenga watajionyesha wenyewe. Yeye atutafutie yule asiyepigiwa makofi, kisha ahakikishe kijana huyo anapata ligi ya vijana inayochezwa mwaka mzima na uwanja ulio wazi hapa hapa Mombasa.