"Haikuwa na Risasi": Jinsi Bunduki Zinavyofyatuka Bila Kukusudiwa

Wakazi wengi wa Nairobi hawamiliki bunduki, lakini hupita karibu nayo kila siku. Kuna afisa wa polisi anayelinda mlango wa benki katika barabara ya Kenyatta, kuna maafisa wanaosindikiza gari la kusafirisha pesa katika barabara ya Moi, na huenda kuna jirani kule Kilimani au Lavington mwenye bastola ya leseni kiunoni. Walinzi wa kampuni za kibinafsi hawabebi bunduki nchini, na askari wa kaunti pia hawabebi. Silaha halali inayoonekana mjini ni ya afisa wa usalama wa serikali ya kitaifa, au ni ya raia aliyepewa cheti na Bodi ya Leseni za Silaha.

Bunduki hizo zote, za afisa na za raia, zina hatari moja inayofanana. Zinaweza kufyatuka wakati ambapo hakuna aliyetaka zifyatuke. Mara nyingi baada ya tukio la aina hiyo husikika maneno yale yale: "Nilidhani haikuwa na risasi."

Maneno hayo yana umri mrefu hapa Nairobi. Katika kitabu chake Out of Africa kilichochapishwa mwaka wa 1937, Karen Blixen anasimulia mkasa uliotokea usiku wa Desemba 19 katika shamba lake la kahawa, mahali ambapo leo ni mtaa wa Karen. Meneja wa kinu cha shamba alikuwa na bunduki ya marisau aliyoiweka barazani ili kuwafukuza mwewe waliokuwa wakinyakua kuku wake. Jioni hiyo mpishi hakuwepo. Mtoto wa miaka 7 hivi aliyekuwa akisaidia jikoni aliwaalika watoto wenzake, wakacheza, na katika kuwaonyesha jinsi mzungu anavyofanya, akaichukua bunduki ile, akawaelekezea na kufyatua. Mtoto mmoja alikufa. Mwingine alipasuliwa taya, na wengine watatu wakapata majeraha madogo. Aliyefyatua alitoroka usiku ule ule, na ilipita miaka kadhaa kabla ya kurudi kwao. Wazee walikaa vikao vingi kuamua fidia ya mifugo.

Kuna jambo moja katika simulizi hiyo linalostahili kutiliwa maanani. Mwenye bunduki alishikilia kwamba haikuwa na risasi, na kwamba watoto ndio waliotafuta na kuzitia. Blixen hakumwamini. Aliona kwamba watoto wadogo kiasi hicho hawangeweza, na kwamba yaelekea bunduki ilikuwa imesahauliwa barazani ikiwa na risasi ndani. Meneja huyo hakuwa mwongo wala mzembe kupita kiasi. Alikuwa mtu mwenye mazoea ya kutoa risasi, na mazoea hayo yalimfanya awe na hakika hata siku ambayo hakuzitoa.

Bastola za siku hizi zimerahisisha kosa hilo. Risasi hukaa ndani ya magazini, inayoingizwa kwenye mpini. Lakini mara bastola inapotiwa tayari, risasi moja hupanda kutoka kwenye magazini na kukaa kwenye chemba, yaani tundu lililo nyuma ya mtutu. Mtu akichomoa magazini, risasi hiyo ya chemba haitoki. Hubaki pale pale, na kwa bastola nyingi itafyatuka vizuri tu ingawa magazini iko mezani. Kuna pia anayefanya mambo kinyume: anavuta sehemu ya juu ya bastola ili kutoa risasi ya chemba, kisha ndipo anachomoa magazini. Kwa kuvuta kwanza ameitoa risasi moja na kupandisha nyingine. Kwa hiyo mpangilio haubadiliki: mtutu uelekezwe mahali salama, magazini itoke, chemba ifunguliwe, na mwenye silaha aangalie ndani ya tundu kwa macho, kisha aliguse kwa kidole. Gizani, kidole ndicho kinachosema kweli.

Kwa bunduki kubwa kuna tatizo jingine. AK-47 ina wenzo mmoja wa upande wenye ngazi tatu. Juu kabisa bunduki imefungwa, katikati inamimina risasi mfululizo, na chini kabisa inatoa moja moja. Anayeusukuma wenzo huo kwa haraka na kuuachia nusu njia ameiweka bunduki mahali pa hatari zaidi. Ndiyo sababu vikosi vingi duniani huweka pipa la mchanga mlangoni mwa ghala la silaha, ili afisa anayerudi kazini aelekeze mtutu humo anapotoa risasi. Mchanga ukipokea risasi iliyosahauliwa, hakuna aliyeumia.

Jeff Cooper, askari wa zamani wa Marekani aliyekuwa mwalimu wa kulenga shabaha, alifupisha usalama wa silaha kwa kanuni nne ambazo sasa hufundishwa karibu kila mahali. Kila bunduki ichukuliwe kuwa ina risasi. Mtutu usielekezwe kwa kitu ambacho mtu hayuko tayari kukiharibu. Kidole kisiingie kwenye kifyatulio mpaka shabaha imelengwa. Na anayefyatua ajue anachokilenga na kilicho nyuma yake. Uzuri wa kanuni hizi ni kwamba moja ikivunjwa, nyingine bado humkinga mtu. Kwa kawaida damu humwagika pale ambapo mbili zimevunjwa kwa pamoja.

Kanuni ya nne ina uzito wa pekee mjini. Risasi ya bastola inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja ikiwa haikuzuiwa. Mabati na mbao haviizuii, wala mlango wa kawaida wa chumba cha ghorofa. Hata risasi inayopigwa hewani hurudi chini, na ikirudi haichagui paa la nani.

Kuna nyakati ambazo ajali huwa karibu zaidi. Mojawapo ni ndani ya gari, mtu anapoichomoa bastola kiunoni kwa sababu inambana, akaiweka kando ya kiti au kwenye droo ya dashibodi. Nyingine ni bastola inapoanguka. Silika ya mtu ni kuidaka, na kidole kinachodaka huangukia kifyatulio. Bastola nyingi za kisasa zimeundwa zisifyatuke zinapoanguka, hivyo ni heri kuiacha ifike sakafuni. Ala ya ngozi iliyochakaa pia ni hatari, kwa kuwa ukingo wake uliolegea unaweza kujikunja na kukisukuma kifyatulio bastola inaporudishwa.

Pombe haihitaji maelezo marefu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inaadhibu mtu anayebeba bunduki akiwa amelewa. Baa ya Westlands inayomtaka mteja aache silaha yake nyumbani haimdhulumu.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye cheti kuihifadhi silaha yake isifikiwe na mtu asiyeruhusiwa. Kwa nyumba yenye watoto, juu ya kabati si mahali pa kuhifadhi, wala chini ya godoro. Watoto hupajua. Panapofaa ni sefu iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni, risasi zikiwekwa kando chini ya kufuli jingine, na ufunguo usiachwe nyumbani. Kisingizio cha ajali nacho kina mipaka. Chini ya vifungu vya 202 na 205 vya Kanuni ya Adhabu, kifo kinachotokana na uzembe mkubwa kinaweza kuhesabiwa kuwa kuua bila kukusudia, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha.

Mtu akijeruhiwa kwa risasi, jambo la kwanza ni kuhakikisha silaha haiko tena mikononi mwa mtu. Kisha jeraha likandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuachia, na msaada uitwe kupitia 999 au 112. Majeruhi asinyimwe matibabu kwa sababu hajaandikisha taarifa polisi. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na fomu ya P3 ni ya ushahidi, hivyo inaweza kujazwa baadaye. Ikiwa bunduki iliyofyatuka ni ya polisi na mtu amekufa au kuumia vibaya, sheria inataka Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, iarifiwe. Familia pia inaweza kupeleka malalamiko yake huko moja kwa moja, bila kungoja kituo cha polisi.

Serikali ya kaunti haitoi leseni za silaha. Mkazi anayejua nyumba ambamo bastola huachwa mahali ambapo watoto wanaweza kuifikia apige ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu.