Bendera Mbili za Tunduma

Neno bendera limetoka kwa Wareno, na zamani bendera ilikuwa na kazi vitani: katika moshi wa baruti askari aliitazama ile ya kikosi chake apate kujua wenzake wako wapi. Ikitekwa na adui, ilikuwa aibu ya kikosi kizima.

Hapa Tunduma twaijua kazi yake nyingine. Kwa mkataba wa mwaka 1890 Wadachi na Waingereza walipitisha mpaka katikati ya nchi ya Wanyamwanga, nao ndugu wakawa chini ya bendera mbili. Wadachi wakaja kuweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Ndipo bendera ya Mwingereza ikapepea pande zote mbili, wala mpaka haukuondoka.

Tangu mwaka 1964 bendera ni mbili tena, ya Tanzania huku na ya Zambia kule Nakonde. Watoto wetu hukariri rangi za kwao kama jedwali la hesabu: kijani ni mimea, manjano ni madini, buluu ni maji, nyeusi ni watu. Walimu wengi huishia hapo, nasi twaona ni hasara, kwa kuwa ile ya pili huonekana kwa macho. Nayo ina kijani cha mali ya nchi, na rangi ya chungwa ya madini. Nyekundu yake ni kupigania uhuru, rangi ambayo yetu haina. Na nyeusi? Ni watu vilevile. Basi Mnyamwanga wa Tunduma na nduguye wa Nakonde wamo katika rangi ile ile moja, juu ya milingoti miwili.