Picha ya Nyiragongo: wote wanasifu, lakini ni nani atasema ukweli kabla ya shindano?

Kwa mpiga picha wa Goma, kupata watu wa kusifu kazi yake si shida. Anaweka picha kwenye WhatsApp saa kumi na mbili za jioni, na kabla ya saa moja majibu yamejaa: "Iko muzuri!", "Bravo kaka!", mikono inapiga makofi. Siku chache baadaye picha hiyo inatumwa kwenye shindano la kimataifa la picha za mandhari. Miezi inapita, orodha ya washindi inatoka, jina lake halimo, na hakuna anayemueleza sababu.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayoumiza. Mashindano makubwa hupokea maelfu ya picha, na ni kawaida kwamba aliyeshindwa haandikiwi barua ya kumueleza kosa lake. Mengine hayalipishi kitu, kama World Press Photo, lakini mengi huomba dola kwa kila picha. Kwa kijana anayeishi kwa kupiga picha za ndoa na za pasipoti, dola hizo ni pesa ya chakula. Kwa hiyo maoni ya kweli yanapaswa kutafutwa kabla ya kutuma, nyumbani, kwa watu wa karibu. Na hapo ndipo ugumu unaanza.

Mlima unasifiwa, picha inasahauliwa

Nyiragongo ina urefu wa meta 3.470 na inasimama kaskazini mwa mji, karibu kilometa 20. Mkaaji wa Goma akionyeshwa picha yake, anaona mengi ambayo hayamo ndani ya picha. Anakumbuka Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji. Anakumbuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, watu wakikimbia na magodoro kichwani. Anaposema picha ni nzuri, mara nyingi anausifu mlima, au anashukuru tu kwamba mtu wa kwao ameuonyesha kwa dunia.

Jaji anayekaa Amsterdam au Paris hana kumbukumbu hizo. Mbele yake kuna picha ya volkano kati ya picha nyingine za volkano, kutoka Iceland, Indonesia na Hawaii. Anahukumu kile tu kilicho ndani ya pande nne za picha.

Mpiga picha mwenyewe pia anadanganywa na kumbukumbu. Aliamka saa tisa za usiku, alilipa mtumbwi, alingoja baridi iishe. Taabu hiyo yote anaiona kila akifungua picha. Lakini taabu haionekani kwenye karatasi.

Mfano mmoja wa picha

Chukua picha ambayo wengi wanaitafuta kwenye ziwa Kivu: mashua za wavuvi wa sambaza, tatu zilizofungwa pamoja, miti yao mirefu ikitokea mbele na nyuma, zikiondoka jioni, na Nyiragongo nyuma yao. Ni mandhari ambayo sehemu nyingi za dunia hazina. Lakini jicho lisilo na huruma linaweza kuona haya.

Mstari wa maji umelala upande, kama vile ziwa linamwagika kuelekea Gisenyi. Mti mmoja wa mashua umegusa kilele cha mlima, hivi kwamba mlima na mashua vinaonekana kushikana. Nusu ya juu ya picha ni mbingu isiyo na kitu. Rangi ya magharibi imeongezwa kwa telefoni mpaka maji yamekuwa Fanta. Kuna doa dogo jeusi hewani, ambalo ni vumbi la ndani ya kamera. Na kwenye pembe ya chini limeandikwa jina la studio kwa herufi kubwa, wakati mashindano mengi yanataka picha isiyo na jina ili majaji wasijue ni ya nani.

Karibu yote hayo yanatengenezwa kwa dakika chache: kunyoosha mstari, kukata mbingu, kufuta doa, kuondoa jina, kurudisha rangi ilivyokuwa. Mti uliogusa kilele ni jambo lingine. Hapo inabidi kurudi ziwani na kungoja mashua isogee.

Mwangaza pia unaweza kumrudisha mtu ziwani. Goma iko karibu na ikweta, jua linazama haraka, na rangi nzuri ya jioni haikai muda mrefu. Katika miezi ya ukame, Juni hadi Agosti, moshi na vumbi hufunika mlima. Baada ya mvua hewa inasafishika, na mapema asubuhi, kabla mawingu hayajapanda, kilele hujitokeza wazi. Rafiki anayesema "mlima hauonekani vizuri, rudi baada ya mvua" amesaidia kuliko makofi mia moja.

Kwa nini watu hawasemi

Wanaonyamaza si wanafiki wote. Desturi ya hapa inafundisha kwamba mtu hamvunji mwenzake moyo mbele ya watu. Kijana anayejifunza studioni hawezi kumwambia mzee wake kwamba picha imepinda. Na mwenye studio hataki kumkatisha tamaa kijana. Wahenga walionya: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Dawa si kuwa wakali. Inatosha kubadilisha namna ya kuuliza. Anayeuliza "mnaionaje picha yangu?" ameomba sifa, na sifa atapewa. Njia inayofaa ni kuchapisha picha tano au sita kwa ukubwa mmoja, kuweka yake katikati bila kusema ni ipi, na kuomba kila mtu aandike maoni kwenye karatasi bila jina. Ni kama kura ya siri: hakuna anayemuogopa mwenzake.

Maswali matatu yanatosha. Jicho lako limeenda wapi kwanza? Ni kitu gani ungeondoa? Ungeiambia nini picha hii kama ingekuwa hadithi ya sentensi moja? Mwenye picha asieleze kitu, asijitetee. Jaji naye hatapata nafasi ya kuelezwa.

Watu wa kuulizwa wasiwe wa aina moja. Mpiga picha mwenzake ataona makosa ya kazi. Mvuvi au mtu anayejua mahali atasahihisha maelezo: huo si mtumbwi bali ni mashua ya sambaza, kilele hicho si Nyiragongo bali ni Mikeno. Mtu wa tatu awe yule asiyejua kamera wala ziwa, kwa sababu yeye ndiye anayefanana zaidi na mtazamaji wa mbali. Kama watatu hao wameonyesha mahali pamoja, hapo pana kosa. Kama ni mmoja tu, mwenye picha ana haki ya kukataa.

Tena, picha isitumwe kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwani inapunguzwa na anayetoa maoni hataona doa wala ukungu. Inafaa kutumwa kama faili, au kuchapishwa.

Rangi na ukweli

Swali moja ni zito kuliko yote: je, kilichomo kwenye picha kilikuwepo mbele ya kamera? Mwaka 2012, mshindi wa shindano la Uingereza la Landscape Photographer of the Year alinyang'anywa tuzo, pamoja na pauni 10.000, kwa sababu picha yake ilirekebishwa kupita kanuni. Mwaka 2015, World Press Photo iliondoa karibu asilimia 20 ya picha zilizokaribia hatua ya mwisho, baada ya kuzilinganisha na faili za awali zilizotoka kwenye kamera. Kwa hiyo faili ya awali isifutwe kamwe.

Kubadilisha rangi peke yake si dhambi. Richard Mosse kutoka Ireland alipiga vilima vya Kivu kwa filamu ya Kodak Aerochrome, inayogeuza majani mabichi kuwa ya waridi. Kazi hiyo ilionyeshwa Venice mwaka 2013 na ikampa tuzo ya Deutsche Börse mwaka 2014. Sammy Baloji wa Lubumbashi amebandika picha za zamani za wafanyakazi wa wakati wa ukoloni juu ya magofu ya viwanda vya Gécamines. Wote wawili walifanya hivyo wazi, bila kumficha mtazamaji. Kosa ni kuongeza wingu au mwezi ambao haukuwepo, kisha kutuma picha kwenye kundi linalodai ukweli.

Vilima vya Masisi, ziwa Kivu na milima ya Virunga vimeshaleta tuzo kwa watu waliotoka mbali. Anayeishi hapa ana faida ambayo mgeni hana: anaweza kurudi mahali pale pale wiki ijayo, baada ya mvua. Lakini atarudi tu kama kuna mtu amemwambia kwamba picha ya kwanza haijatosha, na amemwambia wiki mbili kabla ya siku ya mwisho ya kutuma.